Jinsi ya Kuvunja Nyonga Mara Moja na Kuikalia Maisha

Pole sana, mzee wangu, na hongera. Uliteleza shambani kwenye tuta la fanya juu ukimfukuza mbuzi, nyonga ikavunjika, madaktari wakaiunga kwa chuma, na sasa umerudishwa nyumbani Sultan Hamud. Wanasema utatembea. Usiwe na wasiwasi, hilo linazuilika. Mfupa utajiunga utake usitake, kwa hiyo uache. Sisi tutashughulika na nyama iliyouzunguka.

1. Pata kiti. Kigoda hakifai, maana kinakualika kuinuka. Tafuta kochi lile lililozama katikati, ambalo hata kijana hutoka akishika ukuta. Liwekwe mlangoni, wapita njia wakuone. Hapa una mfano wa kuiga mjini kwako: Sultani Hamud bin Mohammed wa Zanzibar alikuja kuitazama reli ilipofika maili ya 250, naye akatazamwa, akarudi kwao, na mji ukabaki na jina lake. Hakuna aliyewahi kuuliza alipiga hatua ngapi. Ni kweli, sultani huyohuyo ndiye aliyetia saini amri ya kufuta utumwa mwaka 1897, lakini amri ile ilikuwa ya Zanzibar. Wewe una wajukuu.

2. Kaa siku kumi za kwanza bila kukosa hata moja. Huu ndio mtaji. Hospitalini walitaka usimame kesho yake tu baada ya upasuaji; natumaini ulilia. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba wazee wenye afya njema kabisa, waliolazwa kitandani siku kumi, walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Wazima hao, hawakuwa wamevunjika chochote! Wewe uliyevunjika, kwa bidii kidogo, utawapita. Na uzuri wake ni kwamba kupoteza ni siku kumi, kurudisha ni miezi.

3. Wageni watakuja. Kila mgeni asimuliwe upya ulivyoanguka, na kila usimulizi tuta liongezeke kimo. Ukifika wiki ya tatu, uwe umeanguka kutoka vilima vya Nunguni. Kuku atakayechinjwa apewe mgeni, ndengu ziende sokoni, wewe ubaki na chai na mkate mweupe. Watu watakusifu kwa ukarimu. Msuli hauwezi kujengwa na chai, na hakuna mgeni atakayelijua hilo.

4. Fremu ya kutembelea uliyopewa hospitalini ni nzuri sana kwa kuanikia nguo. Usionekane nayo barabarani, hasa siku ya soko, utadhaniwa umezeeka. Mtu mwenye heshima zake hushikilia ukuta, na ukuta ukiisha hushikilia bega la mjukuu. Ukilazimika kabisa, chukua bakora ya marehemu kaka yako, ile inayokufika kwapani. Fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, atakuambia uishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Ishike upande wa mguu mbovu. Utachechemea vizuri zaidi, na huruma itaonekana kutoka mbali.

5. Siku ya kliniki ndipo ufundi unapohitajika. Fizio ana jaribio lake: uinuke kitini, utembee mita tatu, ugeuke, urudi, uketi, na yeye ana saa mkononi. Mita tatu! Si hata upana wa Barabara ya Mombasa. Usiku wa kuamkia kliniki jizoeze hizo tatu tu, ya nne usiijue. Kuna pia jaribio jingine la kuinuka na kukaa kwa sekunde thelathini, mikono imekunjwa kifuani. Hapo jikohoze, uombe maji. Akiuliza, "Mazoezi tunafanya?" jibu bila kupepesa, "Kila siku, daktari." Usimwambie kwamba ile karatasi yenye michoro ya mazoezi iliwasha jiko Jumanne. Wala usitaje choo cha shimo kule nyuma ya nyumba, ambako hakuna anayepima sekunde, na ambako kuchuchumaa ndio mtihani wenyewe.

Au usiende kabisa. Nauli ya Emali, kisha nyingine mpaka Wote, mgongo unauma, mvua inanukia. Ila kisingizio cha bili ya hospitali kitumie kwa uangalifu, kwa sababu watu wa kaunti yako ya Makueni wana kumbukumbu: mwaka 2016 kaunti ilipoanzisha mpango wake wa afya kwa wote, kila kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka, na waliopita miaka 65 hawakulipa kitu. Jirani yako mwenye mdomo atalikumbuka hilo mbele ya watu. Shikilia nauli.

6. Tunza woga. Taa ya ukumbini izimwe mapema, ngozi ya mbuzi ibaki palepale mlangoni ilipo, na ndara zile zenye kamba iliyokatika usizitupe. Huhitaji kuanguka tena. Inatosha kuwaza tu. Mtu anayeogopa kuanguka hutembea kidogo, anayetembea kidogo huishiwa nguvu, na aliyeishiwa nguvu huanguka. Ni mashine inayojiendesha bila mafuta. Watoto wako wa Nairobi wataichochea kwa simu, kwa upendo mtupu: "Baba, usiinuke. Baba, kaa tu." Waitikie. Hakuna mshirika mzuri kama mtoto anayekupenda kutoka mbali.

7. Hatari ni moja tu, nayo ni kusahau. Itakuwa saa tano asubuhi, wajukuu wako shuleni, nyumba imetulia. Ndengu zimeanikwa uani juu ya mkeka. Utasikia meno yakitafuna. Ni yule mbuzi, yuleyule, amezamisha kichwa katikati ya mkeka bila aibu. Utapiga kelele, hatajali. Kisha utashtukia uko uani, jiwe mkononi, mbuzi keshafika kwenye ua wa jirani, na bakora imebaki ndani imeegemea kochi.

Tulia. Angalia kushoto, angalia kulia. Kama hakuna aliyekuona, rudi taratibu, keti, anza kuguna.