Mpita Njia wa Kwenye Noah

Noah ya kijivu imekwama kwenye foleni ya asubuhi, Barabara ya Morogoro, ikitoka Mbezi kwenda mjini. Ndani wamo RIPOTI YA UPOTEVU, karatasi iliyochomekwa juu ya kichwa cha dereva; MZEE MTUNGI wa kuzimia moto, chini ya kiti; BI KIOO, aonaye yote ya nyuma; na mmoja ambaye bado hajaonekana.

RIPOTI: Shikamoo, Mzee Mtungi.

MTUNGI: Marahaba, mwanangu. Hivi bado upo? Si ulisema unapita tu?

RIPOTI: Namshikia mtu nafasi. Leseni mpya ikitoka, naondoka.

MTUNGI: Hayo uliyasema mvua za vuli. Hizi zinazonyesha ni za masika. Na jana nimekuona umerudi umepigwa lamineti.

RIPOTI: Lamineti ni ya kuzuia unyevu tu, mzee.

KIOO: Mgeni akishanunua godoro, mwenyeji ajue hakuna safari tena.

RIPOTI: Bi Kioo, mimi si karatasi ya vitumbua. Nina namba ya kumbukumbu, nimetoka polisi!

MTUNGI: Hebu jisome.

RIPOTI: Nasema kwamba bosi ametoa taarifa ya kupotelewa na leseni ya udereva.

MTUNGI: Ametoa taarifa. Polisi hawakusema imepotea. Wamesema yeye kasema. Na ruhusa ya kuendesha iko mstari wa ngapi?

RIPOTI: (kimya)

MTUNGI: Usione haya, mwanangu. Mimi mwenyewe nimebandikwa karatasi ya kukaguliwa, na tumbo langu halina kitu. Gari hili likiwaka moto, nitasimama pembeni nitazame na wenzangu.

RIPOTI: Lakini matrafiki wananikubali! Juzi mmoja alinitazama, akamtazama bosi, akasema, "Fuatilia, kaka."

(Msomaji uliyewahi kuambiwa "fuatilia" unajua kuwa neno hilo halina tarehe.)

KIOO: Kwani amefuatilia? Kazi yenyewe ni ya kwenda na wewe mkononi hadi Mamlaka ya Mapato. Hapa kwetu polisi humpima dereva, lakini kadi huchapwa na watu wa kodi. Tangu kadi hizi zianze mwaka 2010, picha ya mtu, vidole vyake na saini yake vimo kwenye kompyuta. Mtu mwenyewe hajapotea. Kilichopotea ni kipande cha plastiki.

SAUTI: Wala hakijapotea.

RIPOTI: Nani huyo?

LESENI: Mimi. Niko chini ya zulia, karibu na klachi. Mkipunguza kelele nitashukuru, nimelaliwa na kiatu tangu Oktoba.

RIPOTI: Haiwezekani! Wewe umepotea, nimeandikwa hivyo!

LESENI: Muulize Bi Kioo.

KIOO: Kazi yangu ni kuonyesha magari ya nyuma. Ila ni kweli, nilimwona bosi akimsukuma kwa kisigino.

MTUNGI: Mtu na akili zake anaificha leseni yake?

LESENI: Leseni gani tena, mzee? Muda wangu ulikwisha Septemba. Mwaka 2019 sisi leseni tuliongezewa umri, kutoka miaka mitatu hadi mitano, na ada ikapanda kutoka 40,000 hadi 70,000. Bosi akapiga hesabu. Kuihuisha ni elfu sabini. Kuipoteza ni bei ya soda.

RIPOTI: Kumbe mimi ni...

MTUNGI: Wewe ni zulia la pili, mwanangu.

Mkono mweupe unanyooshwa barabarani. Noah inasogea pembeni.

TRAFIKI: Habari za asubuhi, dereva. Leseni tafadhali.

DEREVA: Afande, imepotea. Nafuatilia. Ripoti hii hapa.

Afande haisomi. Anatazama namba ya leseni tu, anaibonyeza kwenye kimashine chake.

RIPOTI: (kwa kunong'ona) Ndugu Mashine, nitetee. Nina namba ya kumbukumbu.

KIMASHINE: Hata mimi ninazo, nyingi. Huyu wako leseni yake ilikwisha Septemba.

RIPOTI: Mimi niliandikwa Oktoba.

KIMASHINE: Basi ulithibitisha kupotea kwa marehemu.

Kimashine kinatema karatasi: shilingi 30,000. Bosi anaipokea bila neno, anatafuta pa kuiweka, anaichomeka juu ya kichwa chake, mbele ya Ripoti. Noah inarudi kwenye foleni.

KARATASI YA FAINI: Shikamooni. Msihangaike na mimi, napita tu.

MTUNGI: Marahaba, mwanangu. Lamineti wanapiga Kimara Mwisho, shilingi elfu moja.