Kochi la Bunda

Kochi lilifika Nyasho saa kumi jioni juu ya kirikuu, limefungwa kamba kama ng'ombe wa mahari. Mtaa mzima ulitoka. Nikashuka mbele kwa dereva nikijifanya sioni watu.

Fundi wa Bunda alinitengenezea umbo la L, kitambaa cha bluu, milioni moja na laki mbili, nusu yake mkopo wa kikoba cha mke wangu. Njia nzima nilikuwa nageuka kulitazama kila tulipopita tuta. Pale Makutano, barabara ya Butiama inapochepuka, nikampigia mama simu: "Mama, ukija safari hii hukai tena kwenye kigoda."

Sebule nilikuwa nimeipima. Mlango sikuupima.

Tulilijaribu kwa mgongo, kwa ubavu, miguu juu. Kijana mmoja akashauri tukate kona. Mke wangu akamtazama tu, kijana akaenda zake. Saa moja usiku tuling'oa fremu pamoja na matofali saba, kochi likaingia na kujaa ukuta kwa ukuta. Meza ya chakula ikahamia uani. Usiku ule nililala juu ya kochi, maana nyumba haikuwa na mlango na mtu alitakiwa kulinda. Wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama moshi wakifuata taa, walinikuta hapo.

Kisha zikaja sheria. Nailoni haitolewi. Dagaa haziliwi ndani. Mke wangu alifuma vitambaa vyeupe akavitandika juu ya nailoni, vikawa vinateleza hadi sakafuni kila mtu akikohoa. Mwanangu wa darasa la pili alimuuliza mchungaji kama amenawa miguu. (Alikuwa hajanawa.)

Jioni wenzangu wote wakawa wanapanda kwenye mwamba nyuma ya nyumba, sufuria katikati, upepo wa ziwa ukiwapiga. Mimi nimebaki ndani na kochi. Nasikia wanacheka. Natoka kuuliza kuna nini, wananiambia ilichekesha mwanzoni, sasa imeshapita.

Mama alikuja Oktoba, baada ya misa ya tarehe 14 ya kumwombea Mwalimu. Alivua kandambili, akalitazama kochi kuanzia kona hii hadi ile, akaulizia kigoda.

"Kaa hapa, mama."

"Nikae kwenye nailoni, kwani mimi mkate?"

Mama huweka Azimio la Arusha kwenye kila kitu, kama wengine wanavyoweka pilipili. "Mwaka 1967," akasema, "wakubwa walikatazwa mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Kochi halikutajwa, baba. Labda walishindwa kulipitisha mlangoni."

Wakacheka. Safari hii nilikuwepo.

Asubuhi ya tatu nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye ile kona, chai mkononi, nailoni imeninata mapajani, mama akatokea uani akiwa nyuma ya kuku wake aliyekuja naye kutoka Butiama.

"Ng'atuka," akaniambia. Ni neno letu la Kizanaki, ambalo Mwalimu aliliingiza kwenye Kiswahili alipoachia urais mwaka 1985. Mama halitumii ovyo.

"Mama, kuna nini?"

"Ng'atuka hapo. Kuku anataka kutaga."

Nikainuka na kikombe changu, nikaenda kwenye mwamba.