Fadhila ya Dishi

Yapasa sisi wakazi wa Kisangani tumhimidi yule ambaye, kutoka Paris, hutuchagulia michezo ya kutazama. Mmarekani, kwa ubinafsi wake, hufungua televisheni amwone Mmarekani. Mwingereza amwone Mwingereza. Hata Mkenya hukesha akimngoja mkimbiaji wake. Bali sisi, tuliolelewa kwa adabu, huwashangilia wana wa watu. Katika Olimpiki ya 2024, mtangazaji wa Kifaransa akikauka sauti kwa furaha, tulifunzwa kumpenda muogeleaji Léon Marchand na dhahabu zake 4, ilhali mvuvi wa Kigenya, anayeushinda mkondo wa maporomoko ya Boyoma kila alfajiri, hasumbuliwi na kamera hata moja. Ama wanamichezo wa Kongo, hatukubughudhiwa mno na nyuso zao. Waliachiwa faragha yao, maana nchi ambayo hadi mwaka ule haikuwa na medali yoyote ya Olimpiki inastahiki stara. Na atakayenung'unika kwamba hakumwona ndugu yake, na akumbuke kuwa ada ya dishi hulipwa kila mwezi, kwa dola, bila upendeleo wa taifa.