Kuchakachua kwa Heshima: Mwongozo wa Mchoraji Mwenye Oda

Mteja anataka jalada na picha kumi na mbili ifikapo Ijumaa, na leo ni Jumanne. Sogea nikunong'oneze. Kazi hii ina njia za mkato, na mabingwa wamezipita kabla yako.

1. Jinakili mwenyewe. Chora rasimu ya ovyo, haraka. Iweke juu ya meza ya taa, tandika karatasi nzuri, chora upya. Quentin Blake, mchoraji wa vitabu vya Roald Dahl, hufanya hivyo: mistari yake inayoonekana kuchorwa kwa pumzi moja ina rasimu chini yake. Huna meza ya taa? Kioo cha dirisha saa nne asubuhi kinatosha.

2. Usikune kichwa, piga picha. Norman Rockwell alichora majalada zaidi ya 300 ya jarida la Saturday Evening Post kati ya 1916 na 1963. Kuanzia miaka ya 1930 aliwapanga majirani zake, wakapigwa picha, kisha akazimulika kwa projekta na kufuatisha mistari. Wewe una simu mfukoni na shemeji sebuleni. Mkalishe, mshikishe sufuria, piga.

3. Omba kitu chenyewe. Dahl na Blake walipokuwa wakiandaa The BFG, kitabu cha jitu kilichotoka 1982, swali lilikuwa jitu hilo livae nini miguuni. Dahl akafunga sandali yake mwenyewe, akamtumia Blake kwa posta. Blake akaichora, kazi ikaisha. Hadithi ikitaja kikapu cha bibi, mwombe mwandishi picha ya kikapu hicho. Atajiona ameheshimiwa, nawe umeokoa nusu siku.

4. Ficha mikono. Vidole ni vitano na vyote ni vibishi. Mvulana atie mikono mifukoni, bibi aifunike kwa kanga, mwalimu aifumbate mgongoni. Punda naye asimame kwenye majani marefu. Ila usiku jifunze kuchora mikono, maana ukurasa wa sita mtoto atauliza imekwenda wapi.

5. Mwachie mteja kosa. Kila bosi anataka kuacha alama yake. Ukimpelekea kazi isiyo na dosari, atakuharibia uso wa shujaa uliohangaika nao usiku kucha. Basi weka pembeni mbuzi mwenye pembe moja ndefu kupita kiasi. Atamwona, atasema, utamrekebisha. Mwandikie: "Una jicho kali, bosi." Uso wa shujaa umepona.

6. Onyesha kazi chache. Katika kazi zako za karibuni, chagua zile tu unazotamani kuagizwa tena. Ukitundika bango la bucha, utachora mabango ya bucha hadi uzeeni, kwa sababu mteja huagiza alichokwisha kukiona.

7. Pesa mbele. Chukua nusu kabla ya rasimu, na iliyobaki kabla ya kukabidhi mchoro wa mwisho. Marekebisho ni mawili, na yaandikwe kwenye makubaliano. Akisema malipo yako ni kujulikana, mwambie mwenye nyumba wako hapokei umaarufu.

8. Njia moja usiipite: mchoro wa mwenzako. Mtindo hurithiwa. Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972, na mtindo wake umewalisha wachoraji wengi wa Dar es Salaam. John Kilaka aliuchukua, akawavisha wanyama nguo na kuwaingiza kwenye vitabu vya watoto, kwa hadithi alizozisimulia mwenyewe. Huo ni urithi. Kuchukua picha ya mtu mtandaoni na kuikata kona yenye sahihi ni wizi, hata mteja asipojua.

9. Dai jina lako. Kwepa jasho popote linapokwepeka, lakini hili lisimamie kidete: jina la mchoraji liwe kwenye jalada, chini ya la mwandishi, kwa herufi zinazosomeka. Mtoto asiyejua kusoma huanza na picha zako. Akijua kusoma, amjue aliyemchorea.