Mtungi wa Sultani

Ndugu yangu mwenye mke, watoto na paka chini ya dari moja, sogea karibu nikusimulie. Wewe utanielewa. Mwenye mbuzi ana zizi na mwenye kuku ana banda, lakini sisi wa ghorofa ya tatu hapa Upanga, paka anaishi tunapoishi, na haja zake anazimaliza hatua sita kutoka meza ya chakula.

Paka wetu anaitwa Sultani. Binti yangu Salma alimwokota chini ya gari siku ya mvua, amelowa mpaka mbavu zinahesabika. Leo ana kilo tano na kiti chake sebuleni, kile kiti cha dirishani kilichokuwa changu. Kwa miaka miwili choo chake kilikuwa beseni la plastiki lenye mchanga, na aliyelisafisha ni mke wangu, kila alfajiri, kabla hajabandika chai.

Mambo yalibadilika alipopata ujauzito wa mtoto wetu wa tatu. Kliniki, muuguzi akamuuliza kama nyumbani kuna paka. Aliposikia yupo, alituketisha wote wawili akatueleza taratibu. Kinyesi cha paka aliyeambukizwa kinaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma, na mjamzito akivipata kwa mara ya kwanza, vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vikitoka tu haviambukizi. Huchukua siku 1 hadi 5 kupevuka. Kwa hiyo choo kisafishwe kila siku, mjamzito asikiguse, na anayesafisha avae glavu kisha anawe. Nyama nayo iive vizuri na mboga zioshwe. Njiani kurudi mke wangu alishika tumbo lake hakusema neno, nami nikajua kijiko cha matundu kimehamia mkononi mwangu.

Habari ikafika kwa Shemeji Makontena. Huyu ni kaka wa mke wangu, yuko Dubai mwaka wa kumi na moja, na hajui kutuma salamu bila mzigo. Kwetu kuna mashine tatu za kukamua juisi, zote zake. Safari hii lilikuja boksi ambalo vijana wawili walilipandisha ngazi kwa kupokezana, na ndani yake mlikuwa na choo cha paka kinachojisafisha chenyewe.

Ni kitu cheupe, cha duara, mfano wa mtungi uliolazwa ubavu, mdomo ukitazama mbele. Mama mkwe wangu, Bi Mkubwa, alikizunguka mara moja na shungi lake, akakipa jina palepale: Mtungi. Yeye Sultani anamtetea kuliko anavyonitetea mimi. Ukimlalamikia paka mbele yake, atakukumbusha kuwa paka si najisi, na kwamba Abu Huraira alipata jina lake kwa sababu ya kipaka.

Kazi ya Mtungi ni hii. Paka akishatoka, mashine husubiri dakika saba, kisha tumbo linazunguka polepole. Mchanga safi unapita kwenye chekeche lililo ndani, mabonge yanabaki juu, yanaporomoka kwenye droo ya chini. Tumbo linarudi, mchanga unajisawazisha, basi. Unamwaga droo kila baada ya siku chache. Nilipoliona lile chekeche nilishusha pumzi ya miezi miwili.

Ila chekeche, ndugu yangu, halina akili. Linatenganisha kikubwa na kidogo tu. Kila kitu kinategemea unachotia ndani. Hayo yaliandikwa kwenye kijitabu cha maelekezo, lakini ukurasa wa mchanga ulikwishageuzwa ndege ya karatasi na mwanangu wa miaka minane, tunayemwita Injinia, na ndege ile iliruka dirishani ikaelekea mitaa ya Faya.

Tukaanza na mchanga wa kawaida, ndoo mbili kutoka kwa majirani wanaojenga. Punje zake ndogo zilipita vizuri kwenye chekeche. Lakini mchanga wa ujenzi haugandi. Mkojo ulishuka mpaka chini, ukalowesha sakafu ya Mtungi, ukakaa humo. Tena mchanga ule ni mzito, na mashine ina kipimo cha uzito cha kujua kama paka yumo. Ikasadiki yumo. Ikamsubiri siku nzima atoke, wakati mwenyewe amelala kwenye kiti cha dirishani.

Bi Mkubwa akasema kwao Kilwa walitumia majivu ya jikoni. Hilo tulikuwa tumelijaribu zamani, enzi za beseni, na nyayo za kijivu za Sultani zilipanda kutoka jikoni hadi kwenye foronya nyeupe za harusi yetu. Si sisi wa kwanza kulalamika. Mwaka 1947, huko Cassopolis, Michigan, nchini Marekani, mama mmoja mwenye taabu hiyohiyo ya majivu alimwendea jirani yake, Ed Lowe, kuomba mchanga. Lowe akampa chembechembe za udongo mkavu wa mfinyanzi, unaonyonya maji. Yule mama akarudi kutaka tena, na Lowe akaanza kuuza udongo huo kwenye mifuko. Biashara ya mchanga wa paka tuijuayo leo ilichipuka hapo. Nilipomsimulia Bi Mkubwa, alitikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Maskini, na foronya zake."

Safari ya pili ilikuwa vidonge vya mbao. Vinanukia kama karakana za Keko, navyo vumbi lake ni dogo. Lakini kila kimoja ni kinene kama kidole cha mtoto, na tundu la chekeche ni dogo. Mtungi ulizunguka mara moja ukamwaga vidonge vyote, visafi na vichafu, kwenye droo. Sultani aliingia akakuta patupu kama jangwa, akatoka akamtafuta Salma amweleze.

Ya tatu, fuwele za silika, zinazong'aa kama chumvi ya mawe. Hizi hunyonya mkojo na kuufungia ndani, harufu hupungua kweli. Lakini nazo hazifanyi bonge. Zenye mkojo na zisizo na mkojo zina ukubwa uleule, chekeche litazitenganishaje? Zinafaa kwenye aina nyingine ya mashine, yenye reki inayokokota kinyesi peke yake, kisha trei nzima inabadilishwa. Kwetu zilikuwa zikigeuka manjano siku hadi siku humo humo. Tena zililia chini ya nyayo za Sultani, kra, kra, na paka ni mnyama wa nyayo. Aliweka mguu, akauinua, akautikisa, akaondoka.

Ya nne ilikuwa bentonaiti, na hapo tulikaribia. Huu ni udongo ambao ukiguswa na maji unavimba na kushikana, ukafanya bonge gumu kama andazi la jana. Mtungi uliufurahia, mabonge yakaporomoka moja moja. Kosa lilikuwa la muuzaji aliyenishauri nichukue wenye manukato ya lavenda. Nyumba ilinukia saluni. Lakini pua ya paka inashinda yetu mara nyingi, na kinachotuburudisha sisi kinamchoma yeye. Ijumaa, saa sita unusu, nilifungua kapu la nguo zilizopigwa pasi nichukue kanzu yangu nyeupe. Sultani alikuwa ameshaichagua. Nilikwenda msikitini na kanzu ya kuazima kwa jirani, inayonifika magotini, na mke wangu alinisindikiza hadi mlangoni kwa upole mkubwa, mkono mdomoni.

Jioni ile alichukua uongozi, kama anavyouchukua kila jambo likishanishinda, na nyumba ikatulia. Alinituma nimletee vifurushi vidogo vya sampuli, mchanga mpya ambao paka hajaugusa. Akatandika gazeti mezani. Kila sampuli aliitia kwenye kifuniko cha chupa ya maji, akadondoshea matone ya maji kwa kijiko cha chai, akahesabu tasbihi moja ya Bi Mkubwa, kisha akaudondosha ule udongo kutoka usawa wa goti. Mmoja ulisambaratika kama kashata mbichi. Wa pili ulinata kwenye kifuniko kama ugali ulioungua, na akasema huo utaganda kwenye kuta za Mtungi. Wa tatu ulianguka ko! ukabaki mzima. Ulikuwa laini, punje kama za sukari, hauna harufu yoyote.

Hauna harufu ya dukani, namaanisha. Kwa sababu ulipoloa ulitoa ile harufu ya ardhi mvua ya kwanza inapoigusa, na wewe uliyewahi kuishi na mjamzito unajua udongo wa pemba, ule wa kutafuna, ni nini kwake. Mke wangu alilishika lile bonge kwa ncha za vidole, akalisogeza puani, akafumba macho. Bi Mkubwa akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huo ni wa Sultani." Akaliweka chini taratibu sana. Nilishuka ngazi usiku huohuo kumtafutia machungwa.

Tangu hapo hatujabadilisha: bentonaiti laini, inayoganda haraka, isiyo na manukato, mpaka kwenye mstari wa ndani na si zaidi. Tunaihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, maana masika hewa yetu ya pwani huufanya mfuko uliofunguliwa ugande wenyewe. Na bonge haliendi chooni kwetu sisi binadamu. Injinia alilitupa moja huko akavuta maji, likavimba kwenye bomba, na ghorofa ya pili wakapanda juu kutujulia hali. Umeme ukikatika tumbo likiwa kichwa chini, Sultani huketi mbele yake na kuniangalia mimi, nami nafungua kwa mkono. Kila siku navaa glavu, nachungulia, nafuta, nanawa. Mashine imenipunguzia kazi, uangalizi umebaki palepale, na kwa ajili ya yule aliyekuwa tumboni nisingetaka uondoke.

Alizaliwa salama, mvulana, kilo tatu na robo. Siku waliporudi kutoka hospitali Bi Mkubwa alitangulia na ubani, Salma akabeba mfuko, Injinia akashika mlango. Mke wangu aliingia na mtoto kifuani, akasimama mbele ya Mtungi, akainama kidogo akatazama ndani.

"Baba Salma," akasema, "mchanga umeshuka mstari."

Nikaenda kuchukua ndoo. Nilimimina taratibu, vumbi lisimfikie mtoto, na kabla sijafunga mfuniko Sultani alikuwa amekwishaingia.