Koo za Makosa: Utangulizi wa Nasaba za Kerneli

Kerneli ya Linux ikishindwa kutimiza ombi la programu haitoi maelezo. Hurudisha namba hasi, basi. Kanuni zake zimetenga nafasi 4,095 kwa kazi hiyo. Kwenye kompyuta za kawaida, namba ambazo programu huonyeshwa zinaishia 133. Mwanazuoni makini aliweke hilo akilini, maana atalihitaji akifika ukoo wa nne: nafasi haijawahi kuwa haba.

Koo hizi tumezigawa kwa kigezo kimoja: aliyepokea namba afanye nini?

Ukoo wa kwanza ni Wazee wa Jadi. Mkuu wao ni ENOTTY, namba 25, ambaye enzi za Unix ya zamani alitangaza kwamba kifaa "si taipureta". Maktaba ya C, kabla ya kuandika kwenye faili, ilipima kwanza kama upande wa pili kuna terminali. Hakuna? Namba 25 ikabaki imening'inia. Baadaye likiharibika jambo jingine kabisa, programu isiyo makini iliiokota namba hiyo na kuisoma kwa sauti. Ndivyo mtu aliyetuma barua ikakwama alivyoweza kujibiwa kwamba kuna kitu si taipureta. Tukiri kwamba taarifa hiyo ilikuwa ya kweli.

Wa pili ni Pacha: EPERM (1) na EACCES (13). Wote husema hapana. EACCES hutazama ruhusa zilizoandikwa kwenye faili. EPERM hutazama hadhi yako wewe. Kerneli yenyewe huwachanganya, kwa hiyo wanafunzi tusiwachape.

Wa tatu, Wasema Kweli Nusu, ndio hatari. Andika skripti ambayo mstari wake wa kwanza unataja Python mahali ambapo haipo, kisha iendeshe. Kerneli inajibu ENOENT: faili haipo. Unapiga ls, faili hii hapa. Unapiga tena, ukishuku macho yako. Kisichopo ni Python, lakini ENOENT hana pa kusema ni faili ipi. (Bash ina huruma: huifungua skripti yenyewe na kukutajia kilichokosekana.) Ndugu yake ENOSPC, namba 28, hutoka pia pale kihariri kinapoomba kijulishwe faili zikibadilika, ilhali mtumiaji amefikia kikomo cha faili anazoruhusiwa kufuatilia. Ujumbe unaosomeka ni kwamba diski imejaa. Mtu anafuta picha za harusi, na diski iliyokuwa nusu tupu inazidi kuwa tupu.

Wa nne ni Jalala, na mkaaji wake ni EINVAL, namba 22: ulichonipa hakifai. Kipi kati ya nilivyokupa? Haisemwi. Amri ya mount, ikipewa jibu hilo, kwa miaka mingi imemsomea mtumiaji orodha ya dhana: pengine aina ya mfumo wa faili siyo, pengine chaguo baya, pengine superblock mbovu, pengine kosa jingine. Huo ni utabiri. Sababu halisi mara nyingi kerneli ilikuwa imeshaiandika kwenye kumbukumbu zake zinazosomwa kwa amri ya dmesg, ambako mgeni hajui kutazama. Tabia ya kurudisha 22 kwa kila kitu ni uvivu wenye staha. Anayeiandika angejiuliza kwanza kama mpokeaji angetenda tofauti kwa makosa mawili anayoyatupa pamoja.

Nje ya koo zote yupo EAGAIN, muungwana: jaribu tena. Lakini muite kwa jina, usimuite kwa namba. Kwenye Linux ni 11. Kwenye macOS ni 35, na 11 ya huko ni EDEADLK, yaani mkiachwa mngoje mtangojana milele.

Kwa kigezo chetu, hata hivyo, mshindi ni EIEIO wa mfumo wa GNU Hurd, aliyewekwa kwa mzaha. Mwongozo wa maktaba ya C ya GNU unamwelekeza mpokeaji wake aende nyumbani akanywe glasi ya maziwa ya moto.