Kutembea kwa Kiingereza na Misukosuko Yake

Miongoni mwa mitego ambayo Kiingereza humtegea Mswahili, ule wa vitenzi vya mwendo, yaani vitenzi vinavyoeleza jinsi mtu anavyotoka hapa kwenda pale au anavyozungukazunguka asifike popote, una hila ya pekee, kwa sababu anayenaswa huwa na yakini kwamba amesema sawasawa.

Kitenzi *kutembea* kina kifua kipana. Mtoto anayepiga hatua zake za kwanza anatembea, na bibi aliyepanda basi Tanga kwenda kumwona mjukuu wake Mwanza naye amekwenda kutembea, japo safari nzima ameketi. Kiingereza kimeifunga *walk* kwenye miguu, hivyo Mswahili anayeulizwa na ofisa wa uhamiaji huko London kilichomleta, akajibu kwa moyo safi kwamba *I have come to walk*, asishangae ofisa akiinamisha macho kuvikagua viatu vyake. Kilichotakiwa hapo ni *visit*. Haki itendeke, lakini: Mwingereza naye, ajifunzapo Kiswahili, huweza kuwatangazia watu barazani kuwa tangu asubuhi ametembea na mke wa mwenyeji wake, asijue kwamba kutembea na mtu ni kuwa naye katika mapenzi ya siri, na kwamba ile safari ya sokoni kununua nazi imekwisha kugeuka kesi ya wazee.

Balaa huzidi mwendo unapokosa shabaha. *Stroll* ni mwendo wa taratibu wa kujistarehesha, *roam* hutaka eneo pana, *wander* haina ratiba wala haina kosa, ilhali *loiter* ni kukaakaa mahali pasipo sababu, na ndiyo anayoipenda askari. Mfasiri mwenye haraka huweza kuvitia vyote hivyo katika kapu moja la *kuzurura*, na hapo ndipo tangazo la utalii lililokusudiwa kumwalika mgeni ajionee vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar linapomwambia aje azurure. Kuzurura si sifa: mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi jijini Dar es Salaam, watu walikamatwa mitaani kwa kuhesabiwa wazururaji na kupelekwa vijijini wakalime, jambo ambalo halikuwamo katika bei ya tiketi ya mtalii. Wingi huu wa vitenzi pengine usimshangaze mtu, kwani wengi hulinasibisha jina *mzungu* na kuzunguka, na mwenye kazi yake hakosi zana.

Hata *come* na *go*, ambazo mwanafunzi hudhani amezimaliza darasa la tatu, zina visa vyao. Mfanyakazi wa ofisini Nairobi huinuka, akachukua simu na funguo, akamwambia mgeni *I'm coming*, kisha akatoka na kushuka ngazi. Kwa Kiswahili chake amesema kweli, maana *nakuja* ya mtu anayeondoka ni ahadi ya kurudi. Mgeni aliyezoea Kiingereza cha kwao, ambako anayetamka hivyo huwa anasogea karibu, hubaki akiukodolea macho mlango. Mwenyeji wa pembeni humtuliza kwa kumwonyesha koti lililotundikwa kwenye kiti, ingawa wanaozijua ofisi hizo hawalihesabu koti kuwa ushahidi.